Mwaa wa Kumi

Wifi yangu Somoe alizikwa Jumatano, Mbekenyera, baada ya sala ya adhuhuri, na mimi nilikaa ndani na wanawake wenzangu nikiwa na hasira mahali pa machozi. Watu walidhani ni uchungu umenifunga mdomo. Uchungu nilikuwa nao, lakini kilichonifunga kilikuwa kingine. Mjukuu wangu Zuhura alikuwa ameingia uani asubuhi ile kwa bodaboda kutoka Ruangwa mjini, amevaa baibui jipya, na wanawake wakasogea kumpisha kwa sababu ni daktari, wa chuo kikuu, si wa sindano. Akaenda kukaa kwenye mkeka ambao Somoe aliusuka kwa mikono yake mwenyewe. Alikalia majina tisa bila kujua amemkalia nani. Hapana, hapo nasema uongo. Alijua. Nilimwona alivyokunja miguu pembeni, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

Ndiyo maana naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto, lakini majina sisahau. Nimeandika kwenye daftari hili majina ya watu wote waliokuja msibani, na sasa zimebaki kurasa, basi nizitumie kwa mwaka mmoja tu, mwaka ambao Zuhura alifundisha Nachingwea. Mimi nilikuwa bibi tayari, wajukuu tisa, meno ya mbele yameshaondoka. Watu hudhani mwaka unaomfundisha mtu ni wa ujanani. Wangu ulinikuta nakoroga ugali.

Mwaka ule chuo kikuu kimoja, jina naliacha, kilikodi ghala la korosho nyuma ya soko la Nachingwea, kikalipaka chokaa, kikatundika ubao mweupe, kikaliita tawi. Harufu ya korosho haikutoka. Mvua ikinyesha ilipanda kutoka sakafuni kana kwamba magunia bado yamo. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa, na nawakumbuka wote kwa walivyokula, maana mimi ndiye nilikuwa mpishi wao. Devota wa Naipingo hakugusa dagaa. Rashidi wa Lionja alikula ugali wa watu wawili akisema wa pili anamlia mwenzake mgonjwa, na mgonjwa huyo hakupona mwaka mzima. Anafi alijimwagia mchuzi upande uleule wa shati. Tekla alikula amesimama, kama anasubiri gari. Wengine nawaacha kwa sababu ya karatasi, si kwa kuwasahau. Mafiga yangu yalikuwa uani, chini ya dirisha la darasa, na dirisha lile halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu tu. Kwa hiyo kila kilichofundishwa mle nilikisikia, nikichambua kisamvu, nikitwanga karanga, nikipepeta mchele. Kama ni kuhudhuria, hakuna aliyehudhuria kunizidi.

Somo lenyewe Zuhura aliliita nadharia ya ukokotoaji. Ilikuwa kozi ya kompyuta isiyogusa kompyuta. Alichora viduara ubaoni, akaviunganisha kwa mishale, akasema hii ni mashine. Rashidi akauliza mashine hiyo iko wapi. Zuhura akamjibu haipo, tunaiwaza. Na umeme wake? Nao tunauwaza. Rashidi akasema basi amekwishaielewa, maana huo ndio umeme wa kwao Lionja, na darasa zima likacheka, hata mimi nikacheka na mwiko mkononi. Lakini siku zilivyokwenda kicheko kilikwisha. Lilikuwapo swali moja ambalo Zuhura alilirudia kila wiki kwa maneno mapya, na kila wiki walibaki wanamtazama. Aliuliza hivi: ukipewa mashine na sheria zake, kabla hujaiwasha, unaweza kujua kama itafika mahali irudi ilipoanzia, au itakwenda tu isirudi kamwe? Mtihani wa kwanza wakaanguka kumi na watatu. Zuhura alikuja uani baada ya kusahihisha, akakaa kwenye kigoda changu, akasema, "Bibi, sijui nimekosea wapi." Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja. Nilikuwa najua hilo, na nataka anayesoma naye alijue, nisije nikaonekana nimesimulia upande mmoja.

Somoe alikuja kwangu mwezi ule ule. Alikuwa dada wa marehemu mume wangu, kwa hiyo kwa Zuhura naye ni bibi, bibi wa damu kunizidi hata mimi ukitaka kuhesabu kwa upande wa babu yake. Alikuja kutibiwa mguu hospitali, wiki mbili alisema, akabaki mpaka mwaka ukaisha. Alikaa uani pale pembeni ya mafiga, mguu mbovu ameunyoosha juu ya tofali, beseni la miaa iliyolowekwa, majani ya mkindu yaliyochanwa, upande huu, na ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ukiendelea kurefuka upande ule. Alinikosoa chumvi. Alinikosoa kuni. Alisema mboga yangu ndiyo iliyomuua kaka yake, na wanafunzi wakisikia wanacheka, anawaambia wale haraka kabla haijawashika.

Sasa lazima nieleze ukili ule, maana ndio jambo lenyewe. Somoe alisuka kwa miaa tisa. Kila mwaa ulikuwa na jina la mwanamke. Hakuhesabu moja, mbili, tatu kama wasukaji wengine. Alisuka kwa majina. Esha juu ya Fatu. Fatu chini ya Mwanahawa. Mwanahawa anawaruka wawili, anainama kwa Zainabu. Ni wanawake walioushika ukili ule mmoja baada ya mwingine na wote wamekufa. Wa tisa alikuwa Halima, mama yake Somoe. Aliyeushika akifa, anayefuata anaongeza mwaa na kuupa jina la marehemu, na ua, ile nakshi yake, linabadilika. Na kuna sharti. Anayetaka kufundishwa hashiki mwaa kabla hajawataja wote kwa mpangilio, kwa sauti, mbele ya watu. Mimi nilichukua miaka mitatu kukubaliwa. Nilikuwa nakosea kwa Abiti Likotwa, namtanguliza mbele ya Zainabu, na Somoe ananipiga mkononi kwa mwaa mbichi na kuniambia nimemzika mtu akiwa hai.

Siku moja, wakati wa mabibo, nilikuwa nachemsha ming'oko, vile viazi vya porini, na ndani Zuhura amerudi kwenye swali lake. Somoe akasimamisha mkono.

"Wifi, huyu mtoto anawauliza nini hao vijana kila siku?"

Nikamwambia nilivyoelewa, kwamba anauliza kama mtu anaweza kujua ukili utarudi kwenye ua lake la mwanzo kabla hajausuka.

"Na hawajui?"

"Hawajui."

"Wana miaa mingapi?"

Kule ndani sauti ya Zuhura ilikatika. Alitoka mlangoni na kalamu ya ubao mkononi, akachuchumaa mbele ya Somoe, akamwomba arudie. Somoe alikuwa anamenya mng'oko, hakuacha. Alisema kama miaa ni tisa na haiongezeki, kuna cha kuuliza hapo? Kila mstari wanabadilishana nafasi, lakini nafasi zenyewe zina mwisho. Iko siku lazima wakae kama walivyowahi kukaa, na wakikaa vile watafuata njia ileile, maana sheria ni ileile. "Watakwenda wapi kwingine?" Zuhura akauliza, taratibu sana, na kama sheria inaruhusu mwaa mwingine uingie, na mwingine, kila inapotaka, bila mwisho? Somoe akatafuna kwanza, akameza. "Hapo usiniulize mimi wala usimuulize mtu. Hapo unasuka. Ukirudi, umerudi. Anayekwambia anajua kabla kwa kila ukili, huyo anakudanganya."

Zuhura alikaa chini kwenye majivu na sketi yake ya kazini. Akasema, bibi, hayo uliyoyasema na chakula mdomoni mimi nina wiki ya kumi nayahangaikia ubaoni. Akamwomba aingie darasani awafundishe. Somoe akataja sharti lake: majina kwanza. Hao tisa watajwe kila mara ukili huu unapofundishwa, hapa na popote utakapoupeleka. Zuhura akasema, "Nitawataja, bibi." Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria.

Sijapata kuona chumba kama kile. Viti vilisukumwa ukutani, wakakaa chini wote kumi na tisa, na Somoe katikati na mguu wake, wanasema kama watoto wa madrasa: Abiti Nambunga, Esha, Fatu, Mwanahawa, Zainabu, Abiti Likotwa, Sikujua, Tabia, Halima. Anafi alikwama kwa Sikujua, akarudishwa mwanzo mara nne, akawa anatoka jasho. Tekla alikaa, mara ya kwanza kumwona amekaa. Walipoanza kusuka, Devota ndiye aliyeliona. Ukili wake ulirudi, kila mwaa mahali pake pa mwanzo, akaunyanyua juu akasema kumbe hiki ndicho kiduara cha ubaoni, na mshale ni mkono wangu. Wakafanya mtihani mwingine. Hakuanguka hata mmoja. Mchana ule walikula wali na mbaazi, na Somoe hakunikosoa chumvi.

Ningeweza kuishia hapo, na watu wangependa. Lakini mwisho wa mwaka chuo kikuu kilileta wageni kutoka makao makuu kuja kuona somo linavyofundishwa, na kuamua Zuhura aajiriwe au aende zake. Mkubwa wao alikuwa profesa. Jina lake nalijua, la kwake na la baba yake, na gari alilokuja nalo nalijua, na alichokula na alichobakiza. Simtaji. Nitamwita bwana mmoja wa mjini, naye aonje kukosa jina.

Bwana mmoja wa mjini alimwita Zuhura asubuhi, akapitia karatasi zake. Zuhura akaja uani kwangu uso umembadilika. Aliniambia bwana ameuliza haya majina ni ya nani, wameandika nini, chapisho liko wapi, na alipoambiwa hawakujua kuandika akasema hatutaji watu wa namna hiyo kwenye kozi, weka herufi. Nilimuuliza, na wewe umemjibu nini? Akasema, "Bibi, nikiyataja wataona nafundisha unyago." Nilimtazama mtoto yule niliyemlea. Niliona mkataba wake, niliona miaka aliyosoma, nikasema, wewe ndiye msomi, fanya unavyoona. Nimekwisha kulaumu watu wengi kwenye habari hii, na nitaendelea kuwalaumu, lakini maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi.

Somoe alikuwa amealikwa. Alivaa kanga mpya, akakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki, ukili umekunjwa mapajani, akisubiri aitwe. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Zuhura alifundisha vizuri, siwezi kusema uongo, alisimama kama mtu aliyezaliwa pale mbele. Akachora miaa tisa ubaoni. Akaandika A, akaandika B, akaandika C, mpaka mwisho. Halafu akawaambia wageni kwamba mfano huu ameupata kwa bibi mmoja wa kijijini.

Wanafunzi waligeuka nyuma, wote, kama kuku wakisikia mlango. Devota akanyoosha mkono, hakusubiri kuruhusiwa. "Mwalimu, ni Bi Somoe. Amekaa pale nyuma. Na hao A mpaka I wana majina."

Bwana mmoja wa mjini akatazama saa. Zuhura hakutazama nyuma. Alisema, "Tuendelee."

Wakaendelea. Na mimi, wakati wa chai, nikapita na birika, nikammiminia yule bwana, nikamuuliza sukari vijiko vingapi, nikamkorogea. Miaka yote hii mkono wangu unakikumbuka kile kijiko.

Nilipotoka uani nilimkuta Somoe anafungasha beseni. Nilidhani atatukana, alikuwa na mdomo wa kutosha. Akasema tu, bila kuniangalia, "Mjukuu wako anajua hesabu, wifi. Tisa wamekuwa mmoja, na huyo mmoja hana jina." Asubuhi yake akapanda bodaboda kwenda Mbekenyera, mguu wenyewe haujapona. Hakukanyaga tena Nachingwea. Zuhura aliajiriwa. Alimpelekea kanga, sukari, mafuta ya kula, na Somoe aligawa kila kitu kwa majirani mbele ya aliyevileta, huku akitaja jina la kila anayempa.

Tawi lilifungwa, ghala likarudi kuwa ghala. Kozi ikaenda na Zuhura mjini, ikawa kijitabu. Devota, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, aliniletea nakala akanisomea. Miaa ipo, ukurasa mzima umechorwa kwa wino wa rangi. A, B, C. Na mwishoni kabisa kuna kurasa mbili za majina. Nilimwambia asome. Akasoma, ulimi unajikwaa, watu wa nchi za mbali ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuchana mwaa. Kurasa mbili. Kumbe majina yanataka karatasi ndogo hivyo, na karatasi ilikuwepo.

Nirudi msibani. Siku ya tatu, wageni wamepungua, tunafagia, Zuhura alinifuata jikoni akiwa na daftari na kalamu. Alikuwa amelia, kope zimevimba. Akasema anataka kukirekebisha kijitabu, kinachapwa upya, na safari hii hakuna wa kumzuia. Nimtajie majina.

"Taja wewe," nikamwambia.

Akaanza. Abiti Nambunga. Esha. Fatu. Akageuza kalamu mkononi. Nje kuna mtu anakwangua sufuria. "Baada ya Fatu ni nani, bibi?"

Hapo ndipo nilipoelewa mambo yalivyokuwa. Wanafunzi wale waliyasema mwaka mmoja tu, na Devota mwenyewe alikwishaniambia yamebaki manne kichwani mwake. Somoe hakuacha mtoto wa kike. Aliyebaki na wote tisa, kwa mpangilio, ni mimi, na mimi nina presha na jicho moja. Nikimnyima, wanakufa siku nitakayokufa. Nikimpa, anawaandika kwenye kurasa zake za nyuma, anafunga daftari, anapanda basi, na roho yake inatulia. Nilitamani kumnyima. Mungu anajua nilivyotamani, nimuache na herufi zake mpaka naye azeeke.

Nililichukua daftari lile nikalifunga. Nikatoka uani, nikaliinua beseni la Somoe, lilikuwa bado na miaa aliyoichana kabla hajaumwa, nikaimwagia maji, nikatandika mkeka katikati ya wanawake. Nikamwambia akae. Akasema basi lake ni saa nane, Jumatatu ana darasa. Nikamwambia darasa ndilo hili. Akavua viatu.

Nilimpa jina moja kwa mwaa mmoja, na hakupewa la pili mpaka la kwanza limekaa mkononi. Alisuka vibaya. Nilifumua. Akasuka tena, akamtanguliza Abiti Likotwa mbele ya Zainabu, palepale nilipokuwa nakosea mimi, nikampiga mkononi kwa mwaa mbichi. Jirani wa Somoe, Bi Tabu, akasema daktari ana mkono wa kushikia kalamu tu, na wanawake wakacheka kicheko cha msibani, cha chini. Zuhura alifumua, akaanza tena. Basi la saa nane likapita, tulilisikia likipiga honi barabarani, na hakuinua kichwa.

Alipomfikia Halima nikachomoa mwaa mwingine, nikauweka kiganjani mwake.

"Na huu?"

Aliulaza kando ya ile tisa. "Miaa kumi," akasema. "Ua linabadilika. Sijui litarudi baada ya pima ngapi."

"Sikukuuliza pima. Nimekuuliza jina."

"Somoe."

"Somoe nani?"

"Somoe binti Halima, wa Mbekenyera. Bibi yangu."

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Waliokaa nyuma hawajasikia."

Akarudia, kwa ile sauti yake ya darasani, mpaka wanaume waliokuwa wamekaa nje wakageuka kutazama. Sikumsamehe, na hapa naandika kwamba mpaka leo sijamsamehe. Nilisogeza beseni karibu na goti lake, nikamwambia aanze mstari wa pili.